Mgeni wa Unguja, kula nje ya geti

Kuna aina ya likizo inayouzwa sana Unguja siku hizi, na mimi naipinga. Mgeni analipa mara moja, kabla hajapanda boti wala ndege, na malipo hayo yanabeba kila kitu: chumba, milo mitatu, vinywaji, hata gari la kumpokea bandarini. Zamani waliokuja hivyo walikuwa Wazungu. Sasa jamaa zangu wa Dodoma na Mwanza nao wananipigia simu kunieleza kwa furaha kwamba wamepata ofa ya namna hiyo, na kila mara nawasihi waiache.

Sababu yangu ni chakula. Mtu aliyekwisha kulipia mlo wa mchana hotelini hatatoka kutafuta mwingine. Nani atakubali kulipa mara mbili? Kazi yangu ni kutembeza wageni, na hawa nawajua. Wanakwenda Changuu kuwatazama makobe, wanapiga picha za kima punju pale Jozani, kisha wanaanza kuangalia saa, kwa sababu hotelini meza inatandikwa saa saba na wakichelewa wameikosa. Kisiwa wanakiona kupitia dirisha la gari.

Na wanarudi kula nini? Katika hoteli moja ya pwani ya mashariki nilikuta asubuhi mkate wa slesi, jemu ya vipakiti na juisi ya embe iliyotoka kwenye boksi. Ilikuwa Disemba. Nje ya ukuta maembe yalikuwa yanaoza chini ya miti. Nilimuuliza mpishi, kijana wa Makunduchi, "Mdogo wangu, hata vitumbua hamna?" Akanijibu kwa upole, "Dada, mama yangu anapika kila alfajiri. Hapa menyu tunaletewa." Niliona uchungu, na bado ninao. Kijana amelelewa kwa vitumbua, anajua kuvipima hiliki kwa kunusa tu, halafu analipwa mshahara apange vipakiti vya jemu.

Sasa niwaambie wanachokikosa. Asubuhi ya Mji Mkongwe huanza kwa chai ya tangawizi, mandazi, mbaazi za nazi, au mkate wa mofa wa moto uliotoka tanurini, ukauchovya kwenye mchuzi. Wenye kahawa hukaa Jaws Corner, kikombe kidogo kichungu na kashata pembeni, na mazungumzo ya siasa na mpira ambayo mgeni anakaribishwa kuyasikiliza. Kutoka hapo unatembea kwa miguu vichochoroni hadi Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, uone samaki wanavyonadiwa. Changu, jodari, kolekole, taa, pweza. Mtu anayependa kula akiona mnada ule hawezi tena kuridhika na samaki asiyejulikana jina, aliyekatwa vipande na kuwekwa juu ya barafu.

Alasiri ni ya urojo. Nendeni Ng'ambo, Michenzani au Mlandege, mtafute mama mwenye sufuria kubwa na foleni ya watu waliotoka kazini. Urojo mzuri hutanguliza uchachu, wa embe mbichi au ukwaju, na wengine hutia ndimu. Rangi yake ya manjano ni ya bizari. Ndani ya bakuli mna kachori, bajia, viazi, yai na mshikaki uliochopolewa kijitini. Juu yake zinavunjwa chipsi za muhogo, kisha chatini ya nazi, kisha pilipili, na hapo ni juu yako useme kiasi gani. Kila mama ana mkono wake. Mimi nina wangu ninayemwamini kuliko wote, na nimeshagombana na dada zangu juu yake. Bakuli moja ni shilingi elfu mbili tatu hivi. Forodhani jioni nayo ni pazuri, nenda kwa juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, ila uliza bei kabla hujanyoosha kidole kwenye mshikaki.

Pwani nako kuna jambo ambalo mgeni wa ndani ya geti halipati. Watu wa bara wakilala Paje au Jambiani huamka wakakuta bahari imeondoka, na wengine hulalamika mapokezi kana kwamba wameibiwa. Ni bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hapa Unguja hufikia mita 4 hivi, na kwa kuwa pwani hiyo ni tambarare, maji hurudi nyuma hadi karibu na mwamba. Anayetaka kuogelea saa zote aende Nungwi. Lakini maji yakipwa Jambiani ndiyo wakati wa kushuka chini. Utawakuta akina mama kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanzishwa pwani hii mwaka 1989 na kuwapa wanawake fedha ya mkononi ambayo mama zao hawakuwa nayo. Shangazi yangu ni mmoja wao. Maji yamezidi kupata joto, mwani ule mnene wenye bei nzuri unakufa, na uliobaki unanunuliwa kwa bei ya kusikitisha. Wengine hupita miambani na vijiti wakitafuta pweza. Ukiwaamkia vizuri, na ukiwa umejifunga kanga juu ya nguo zako za kuogelea, hawakosi kukukaribisha.

Mchana shangazi hupokea wageni uani kwake. Pweza amepigwapigwa hadi akalainika, amepikwa kwa tui zito, wali wa nazi, na kachumbari yenye ndimu nyingi. Kwake ile sahani ni ada ya shule na dawa ya presha, na siku ambayo mwani haukununuliwa ndiyo fedha pekee iliyoingia. Wageni wa nje walioingia Zanzibar mwaka 2024 walizidi laki 7. Kila mmoja wao akila mlo mmoja tu uani kwa mtu, hiyo ni milo laki 7 iliyolipwa mkononi mwa wenye kisiwa.

Najua hofu iliyopo: usafi. Ni hofu ya haki, siwezi kumcheka mtu anayeogopa kuharibikiwa na tumbo likizoni. Kula kwenye sufuria inayochemka na wateja wengi, na manispaa iwafikishie wauzaji maji safi badala ya kuwafukuza. Ukija Ramadhani, mchana stahi, usile barabarani. Magharibi ikiingia utakula futari ya muhogo wa nazi, magimbi, tambi na samaki wa kukaanga, na hakuna mwezi ambao Unguja inapika vizuri zaidi.

Wenye hoteli nawaomba jambo dogo. Mpeni mama wa kijijini meza moja ya chai ya asubuhi, vitumbua vyake na jina lake juu, na nunueni embe za jirani. Mawakala acheni kuwauzia Watanzania wenzetu milo mitatu kama neema.

Nawe unayepanga kuja Disemba hii, mwambie wakala unataka chumba na chai ya asubuhi tu. Mlo wa mchana agiza jioni ya kabla yake kwa mwenyeji wa kijiji, apate kumvizia pweza maji yakipwa, na ukishakula mlipe mwenyewe mkononi.