Triphala na siri ya shemeji yenu

Mwezi huu naomba mnisamehe mapema, maana tunazungumzia choo. Ndiyo, choo. Najua kuna wanaosoma ukurasa huu ofisini huku wanakunywa chai. Weka kikombe chini kwanza, dada.

Kazi yangu ni ya kukaa. Asubuhi foleni, mchana kompyuta na chipsi mayai, jioni foleni tena. Maji nakunywa nikikumbuka. Basi nilikuwa naweza kumaliza siku nne bila kwenda haja kubwa, tumbo limejaa mpaka watu wananipongeza kwa mimba ambayo sina. Aliyenionea huruma ni mama mmoja wa Kigujarati, jirani yetu hapa Upanga. Alinipa kikopo cha unga wa rangi ya udongo. "Nusu kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu, usiku kabla ya kulala. Usionje, meza tu."

Nikaonja. Jamani! Chungu, kali, halafu inakausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi na ganda lake.

Unga huo unaitwa triphala. Kwa Kisanskriti, tri ni tatu na phala ni tunda. Ni matunda matatu yaliyokaushwa, yakatolewa kokwa, yakasagwa na kuchanganywa kwa vipimo sawa: amalaki, haritaki na bibhitaki. Hilo la kwanza mnalijua sana, ila hamjui kama mnalijua: ndilo amla, lile la mafuta ya nywele. Waganga wa Ayurveda, tiba ya kale ya India, wametumia mchanganyiko huu kwa karne nyingi, na umetajwa katika Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya msingi vya tiba hiyo. Kwao si dawa ya choo tu. Ni ya macho, ya fizi, ya kurudisha nguvu za mwili.

Kwangu ilifanya kazi ndani ya siku tatu. Hakuna uchawi hapo. Haritaki ina kemikali za kuamsha utumbo, zinazofanana na zile za sanamaki ambayo bibi zetu wa pwani walitunywesha tukiwa wadogo. Ya fizi nayo si hadithi tupu: huko India watafiti wamewapa watu maji ya triphala wasukutue, wakalinganisha na dawa ya kusukutua ya klorheksidini inayotumiwa na madaktari wa meno, na katika majaribio kadhaa utando wa meno ulipungua karibu sawasawa. Lakini kushusha sukari, kupunguza uzito, kuyeyusha mafuta ya damu? Tafiti zipo, ila nyingi ni ndogo. Na ukisikia inaua kansa, jua wanazungumzia seli kwenye vyombo vya maabara. Seli si mume wako.

Sasa nije kwa mume wangu.

Shemeji yenu ni mtu wa kucheka dawa za mitishamba. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2023, alipoomba mwenyewe nimkorogee na yeye, nilifurahi kupita kiasi. Kila usiku glasi mbili, tunagonganisha kama tuko hotelini, tunakunja sura pamoja. Nikaona ndoa imenoga. Ikaenda hivyo miezi sita. Katikati ya hapo akaanza kuchoka hovyo, akipanda ngazi mpaka kwetu ghorofa ya tatu anahema kama mzee. Nikasema ni kazi.

Jumapili moja alisahau kuvuta maji. Niliingia bafuni nyuma yake nikakuta damu.

Alikuwa anatoka damu tangu kabla hajaniomba ile glasi. Triphala ililainisha choo, maumivu yakapungua, akajiambia anapona. Damu yenyewe haikukoma. "Ningekuambiaje? Ni sehemu ile," akasema. Halafu, baada ya kimya kirefu, akataja baba yake mdogo, aliyefariki kwa kansa ya utumbo mpana. Kumbe usiku wote ule tulipokuwa tunagonganisha glasi, mwenzangu alikuwa anaogopa kufa peke yake pembeni yangu. Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena.

Hospitali walimkuta na upungufu mkubwa wa damu. Wakampima kwa kamera. Siku zile za kusubiri sitaki hata kuzielezea. Majibu: bawasiri, pamoja na kinyama kimoja kidogo kwenye utumbo ambacho walikitoa palepale, kwa sababu vinyama vya namna ile vikiachwa miaka vingine hugeuka kansa.

Daktari aliuliza tunatumia dawa gani za asili. Shemeji yenu akaniangalia mimi! Nilitegemea kugombezwa, lakini alieleza taratibu. Choo kigumu cha kawaida, sawa, ingawa maji, mboga na kutembea vianze kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha waache. Mwenye dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda asiguse bila kumwambia daktari wake. Ukiharisha, simamisha. Kuosha macho kwa unga uliochemsha jikoni, usithubutu. Na damu kwenye choo haitibiwi kwa kijiko chochote kabla haijapimwa, hata kama una miaka 34 na unacheza mpira kila Jumamosi.

Akaniuliza pia unga tunanunua wapi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Siku hizi sinunui unga wa kupimiwa kwenye karatasi. Nataka pakiti iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji na tarehe.

Kikopo bado kipo kabatini. Mimi natumia wiki moja moja nikizidiwa, yeye anakula mapapai na vidonge vya kuongeza damu. Aibu imemwisha kabisa, labda imezidi kuisha. Juzi usiku alipaza sauti kutoka bafuni, "Mke wangu, leo hakuna damu!" na jirani wa chini akapiga makofi.