Hukumu Nyepesi juu ya Vichekesho vya Ealing

Wako watu ambao wakiulizwa juu ya filamu ya kale hujibu kabla ya swali kukoma. Hii nzuri, hii mbaya, hii imechakaa. Na baada ya neno hilo moja hufunga vinywa kama kadhi aliyekwisha kata shauri, ingawa shahidi hakuitwa wala ushahidi haukusikiwa. Kila mtu ana haki ya kupenda na kuchukia. Walakini kupenda si kuhukumu, na kuchukia si kuhukumu. Hukumu hudai sababu, na sababu hudai kwamba kitu kinachohukumiwa kimetazamwa.

Miongoni mwa kazi zilizoonewa sana na desturi hii ni vichekesho vilivyotengenezwa katika studio ya Ealing, magharibi ya London, baina ya mwaka 1947 na 1955, chini ya uongozi wa Michael Balcon. Makundi mawili yamevizunguka. Kundi la kwanza huvisifu kwa upole wao: ni kumbukumbu ya Uingereza ya watu wema, ya chai na ujirani. Kundi la pili huvidharau kwa upole huo huo: ni burudani ya wazee, haina makali. Makundi haya hujiona mahasimu, kumbe yanateka maji katika kisima kimoja. Yote mawili yamelipokea neno "upole" bila ya kulipima, na filamu zenyewe ndizo zinazolikanusha.

Itazamwe Kind Hearts and Coronets, ya Robert Hamer, iliyotoka mwaka 1949. Binti wa ukoo wa kikabaila aliolewa na mwimbaji wa Kitaliano, akatupwa na jamaa zake, akaishi kwa dhiki. Na alipokufa alinyimwa hata nafasi katika kaburi la wazee wake. Mwanawe, Louis, aliazimu kuwaondoa duniani wote waliosimama baina yake na cheo cha ukoo ule. Sita walikufa kwa hila zake. Alec Guinness peke yake aliigiza watu wanane wa ukoo huo, mmoja wao mwanamke. Louis husimulia mauaji kwa lugha safi ya adabu, sauti yake haipandi wala haishuki. Adabu ndiyo upanga wenyewe, maana ndiyo iliyotumiwa kumtupa mama, na ndiyo inayotumiwa sasa kuwazika waliomtupa. Mtazamaji hucheka, kisha hutambua kwamba amekaa upande wa muuaji. Wasimamizi wa maadili ya sinema huko Marekani hawakudanganywa na sauti hiyo ya chini. Nakala ya Marekani iliongezewa mwisho unaoonyesha daftari la maungamo ya Louis likifika mikononi mwa wakuu, ili isidhaniwe kwamba mwovu ameponyoka. Waliyaona makali ambayo mchambuzi mvivu hayaoni. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kadhalika The Man in the White Suit, ya Alexander Mackendrick, ya mwaka 1951. Kijana mvumbuzi abuni kitambaa kisichoshika uchafu wala kuchakaa. Matajiri wa viwanda wamkimbiza, kwa kuwa nguo isiyochakaa hainunuliwi mara mbili. Wafanyakazi nao wamkimbiza, kwa kuwa kazi itakwisha. Watu waliokuwa wakigombania ujira waungana kumsaka mtu mmoja. Na mama mzee afuaye nguo za watu amuuliza riziki yake itatoka wapi pasipokuwa na cha kufua. Mvumbuzi hana jibu. Swali hilo huulizwa hata leo kila mashine mpya inapoingia kazini. Upole wa filamu hii uko wapi? Hapana hata upande mmoja uliotoka ndani yake na kanzu nyeupe.

Katika The Ladykillers, ya Mackendrick pia, ya mwaka 1955, wezi watano wauana wenyewe kwa wenyewe baada ya kushindwa kumwua ajuza mmoja, na maiti zao huangushwa katika mabehewa ya mizigo yapitayo nyuma ya nyumba yake. Ajuza abaki na fedha za wizi, kwa sababu polisi hawaamini maneno yake.

Ni kweli kwamba si vichekesho vyote vya Ealing vilivyo vikali kiasi hicho. Passport to Pimlico, ya mwaka 1949, ina huruma nyingi kwa watu wake, ambao huchana madaftari ya mgao wa chakula na mwisho huyapokea tena kwa furaha. Lakini tofauti hii ndiyo hoja yenyewe. Kuviita vyote kwa jina moja ni kama kumwita kila samaki dagaa.

Mpinzani huenda akasema kwamba kicheko hakina hoja: mtu ama hucheka ama hacheki. Kweli, hakuna awezaye kulazimishwa kucheka. Lakini asemaye "haichekeshi" mara nyingi husema tu kwamba hajui madaftari yale yalikuwa nini katika nchi ambayo nyama iliuzwa kwa mgao hadi mwaka 1954. Ujinga wa mtazamaji si kosa la filamu.

Wala uangalifu huu si wa kutetea tu. Studio ile ile iliyocheka wakubwa wa London ilitoa mwaka 1951 Where No Vultures Fly, ya Harry Watt, iliyopigwa nchini Kenya. Humo shujaa ni Mwingereza mlinzi wa wanyama, na dhihaka ya Ealing dhidi ya wenye mamlaka imenyamaza. Anayesifu kila kitu cha Ealing kwa wema wa Kiingereza hataiona tofauti hii. Anayekitupa kila kitu kuwa ni masalio ya ukoloni hataiona pia, maana hakuwahi kujua kwamba mkono ule ule uliweza kuuma nyumbani kwake. Huyu wa pili aghalabu ndiye mwenye haki ya kukasirika, na kwa uvivu ameipoteza hoja yake iliyo bora.

Basi atakayesema filamu ni nzuri na aonyeshe palipo na uzuri, na atakayesema imechakaa na aonyeshe uzi uliokatika. Asiyeweza hili wala lile ametaja hali ya moyo wake tu, na hali ya moyo haitoshi kuitwa uchambuzi.