ASILIMIA 51 YA LAWAMA

Mtu apitaye Kariakoo asubuhi ya siku ya pili baada ya Simba au Yanga kufungwa hana haja ya kuuliza matokeo. Atayajua kwa kutazama mabaraza ya kahawa. Upande mmoja watu wamekaa kimya, vikombe mikononi. Upande wa pili wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Baada ya muda ule upande wa kimya nao huanza kusema, na kesi hufunguliwa. Washitakiwa ni wale wale wa miaka yote: mlinda mlango aliyeuacha mpira ukampita, mwalimu aliyepanga timu vibaya, refa aliyefumba macho, viongozi wasiojua kazi, na tajiri aliyebana mkono. Hukumu hutolewa kabla kahawa haijapoa. Katika kesi hizo zote hatujapata kumsikia hata mtu mmoja akisimama na kuuliza: "Na sisi je?"

Gazeti hili halivai jezi ya upande wowote. Kwa sababu hiyo twaona yafaa tuliulize sisi swali hilo.

Kwanza tuseme wazi kwamba ushindani wenyewe hatuulaumu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilianzishwa mwaka 1936, ikaitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, mpaka ilipochukua jina la Simba mwaka 1971. Wazee wa mji husimulia kwamba waliounda timu hii ya pili walimeguka kutoka katika ile ya kwanza, baada ya kutoelewana. Basi huu ni ugomvi wa ndugu waliotoka nyumba moja. Nao umelifanyia taifa jambo jema ambalo watu wachache hulifikiri: umewagawa Watanzania katika makundi mawili ambayo hayafuati kabila, wala dini, wala mkoa. Mume ni Simba na mke ni Yanga, nao hula sahani moja. Nchi ngapi zingetamani kuwa na mgawanyiko wa namna hii!

Tena ushindani huu humfundisha mtu kwamba dunia ni duara. Mwaka 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Mwaka 1977 Simba ililipa kwa mabao 6 kwa 0. Mwaka 2012 Simba ikashinda tena 5 kwa 0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5 kwa 1. Aliyecheka jana alilia leo, na anayecheka leo asitupe leso yake.

Lakini hebu tuitazame siku hiyo ya Novemba 2023, maana ndani yake mna somo. Siku mbili tu baada ya mchezo ule, mwalimu wa Simba, Bwana Roberto Oliveira wa Brazil, ajulikanaye kwa jina la Robertinho, aliondolewa kazini. Mashabiki wengi walipumua. Mwenye kosa amepatikana! Lakini mwalimu huyo huyo ndiye aliyeifunga Yanga 2 kwa 0 mwezi wa Aprili mwaka ule ule, na ndiye aliyeishinda tena kwa penalti mjini Tanga mwezi wa Agosti na kutwaa Ngao ya Jamii. Je, alisahau kazi yake kati ya Agosti na Novemba?

Katika Agano la Kale twasoma habari za mbuzi aliyebebeshwa dhambi za watu wote, akapelekwa nyikani. Watu walirudi hemani mwao wakiwa wepesi wa moyo. Ndivyo tunavyowafanyia walimu wa mpira. Baada ya Robertinho alikuja Bwana Abdelhak Benchikha wa Algeria, naye akaondoka mwishoni mwa Aprili 2024, msimu haujaisha. Ligi ilipomalizika Simba ilikuwa ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, ikakosa nafasi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mbuzi wawili walikwenda nyikani, na dhambi zikabaki kijijini.

Mashabiki wa Yanga wasisome maneno haya huku wakitabasamu, kwa maana nyani haoni kundule. Turudi nyuma miaka michache. Yanga ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, msimu wa mwisho ukiwa ule wa 2016/17, chini ya uenyekiti wa marehemu Yusuf Manji. Mwaka 2017 Manji aliuacha uongozi. Mara klabu iliyokuwa tajiri ikawa fukara. Habari za mishahara kuchelewa zikajaa magazetini, na mwalimu wa timu, Bwana Mwinyi Zahera kutoka Kongo, akalazimika kuwaomba mashabiki wachange. Watu wa Msimbazi walicheka sana wakisema kwamba Yanga inatembeza bakuli. Wakati huo Simba ilikuwa ikikusanya ubingwa mara nne mfululizo, kutoka 2017/18 hadi 2020/21.

Na watu wa Jangwani walisemaje katika miaka ile minne? Walisema marefa wanaibeba Simba. Walisema Shirikisho lina upande. Walisema fedha za mtu mmoja zimeununua mpira. Baadaye gurudumu likageuka, Yanga ikapata mfadhili mwenye nguvu, ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo, 2021/22 hadi 2024/25. Mara maneno yale yale yakavuka barabara kutoka Jangwani hadi Msimbazi, bila kubadilika hata herufi moja. Hatusemi kwamba malalamiko yote ni ya uongo. Wako wanaouliza kama ni haki kampuni moja kudhamini timu kadhaa zinazocheza katika ligi moja, na hilo ni swali la maana, linalostahili kujibiwa kwa kanuni zilizoandikwa. Tunalosema ni kwamba lalamiko linalofufuka siku ya kufungwa na kufa siku ya kushinda, si lalamiko la haki. Ni kilio cha mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Sasa tufike penye kiini. Mwaka 2017 Simba ilimtangaza Bwana Mohammed Dewji kuwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza katika klabu, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Utaratibu wa Serikali ukataka mwekezaji asipite asilimia 49, na wanachama wabaki na asilimia 51. Mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao waliridhia mabadiliko ya namna hiyo hiyo. Watu wengi walishangilia, na sisi tuliona ni jambo la hekima, kwa kuwa klabu hizi ni mali ya wananchi tangu enzi za wazee wetu, na si vema ziuzwe kama gunia la korosho.

Lakini asilimia 51 si pambo la kuvaa kifuani. Mwenye asilimia 51 ya shamba ndiye mwenye shamba. Magugu yakiota, hawezi kusimama mpakani na kumlaumu mwenye 49 peke yake. Tukidai kwamba klabu ni yetu siku ya kombe, basi na siku ya msiba asilimia 51 ya lawama ni yetu.

Hebu kila shabiki ajipime. Je, ni mwanachama, au ni mpiga kelele tu? Kama ni mwanachama, ada yake ameilipa lini? Katika mkutano mkuu, alisoma hesabu, au alingoja mchezaji mpya atajwe ili apige makofi? Aliuliza klabu inadaiwa nini, na timu ya vijana inafundishwa na nani? Klabu zote mbili zina umri wa miaka zaidi ya 85, na hata hivyo michezo yao mikubwa huchezwa katika uwanja wa Serikali, ule wa Benjamin Mkapa wenye nafasi 60,000. Pale Jangwani uwanja wa Kaunda hujaa maji ya mvua. Azam, iliyopanda ligi kuu mwaka 2008 tu, inao uwanja wake Chamazi. Ni kweli kwamba uwanja peke yake hauleti ubingwa, maana Azam imeupata mara moja tu, msimu wa 2013/14. Lakini Azam ni mali ya kampuni. Sisi tunaojiita wenye klabu, wenye mashabiki kutoka Bukoba hadi Mtwara, tumejenga nini?

Atatokea mtu aseme: "Mhariri, mimi ni mchukuzi wa mizigo sokoni. Nina nini mimi cha kuipa Simba au Yanga?" Twamheshimu ndugu huyo, wala hatumtozi asichonacho. Lakini mwenzake anayenunua jezi mpya kila msimu, na nauli ya kuifuata timu mpaka Mwanza, hawezi kutuambia kwamba ada imemshinda. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yanga ililionja neno hilo mwaka 2017. Mfuko wa mtu mmoja, hata uwe mzito namna gani, una siku ya kufungwa.

Tena shabiki asiyejihesabu kuwa mwenye klabu hutendewa kama asiye mwenyewe. Tarehe 8 Machi 2025 watani hawa walipaswa kucheza. Simba ikasema ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo, ikagoma kucheza. Mchezo ukaahirishwa, Yanga ikadai pointi, na mabishano yakaendelea kwa miezi. Mchezo ulichezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2 kwa 0. Katika miezi ile kila shabiki aliwashangilia viongozi wa upande wake. Ni wachache mno waliouliza habari za mtu aliyenunua tiketi na kusafiri.

Na liko jambo moja baya kuliko yote. Mchezaji akikosea, siku hizi haitoshi kusema kwamba amekosea. Huambiwa amehongwa, na mama yake hutukanwa. Kumwita mtu mla rushwa bila ushahidi ni dhuluma. Mlinda mlango yule ana mtoto ambaye kesho ataingia darasani pamoja na watoto wetu. Mwenye ushahidi aupeleke kunakohusika. Asiye nao aufunge mdomo wake.

Klabu huinuka, nasi tumeziona zikiinuka. Yanga ile ya bakuli ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini tu mbele ya USM Alger. Simba ile iliyokuwa ya tatu ilifika fainali hiyo hiyo mwaka 2025, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco. Hapana hata moja iliyoinuliwa na matusi ya barazani. Ziliinuliwa na fedha, mipango na kazi. Swali lililobaki ni kama fedha na mipango hiyo itakuwa na mizizi kwetu, au itaondoka na mwenye nayo.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na asiyekubali lawama si mwenye mali. Mkutano mkuu ujao ukiitwa, wanachama na waende na kadi zilizolipiwa, waombe hesabu, wazisome, waulize. Wakikuta kosa ni la kiongozi, wamwondoe kwa kura. Wakikuta ni lao, walitengeneze. Halafu warudi barazani, wanywe kahawa yao, na wawatanie majirani zao kwa moyo mweupe.