Mchele na Wino
Juma hili, kwenye matanga ya jirani aliyegongwa na basi, nilimwona mtu wa kampuni ya basi hilo akishusha gunia la mchele na kreti za soda, kisha akachomoa kwenye bahasha karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, na wino wa kidole gumba. Mjane, kanga bado imelowa machozi, akaoneshwa pa kubonyeza: familia imepokea rambirambi na haina dai jingine. Mdogo wa marehemu akamshika mkono: “Ngoja shemeji, tusome kwanza.” Sisi ni wepisi wa kusema ni kazi ya Mungu. Sawa, ila mimi sijaona Mungu akikwepa kutengeneza breki. Sheria ya Kenya ya ajali zenye vifo, Sura ya 32, inampa mume, mke, mtoto na mzazi wa marehemu haki ya kudai riziki iliyokatika. Sheria nyingine, Sura ya 26, inaruhusu mirathi yake idai hata maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho. Wala si lazima dereva apatikane kwanza na hatia ya jinai. Msiba hauna saa, lakini kesi ina tarehe: miaka 3, na miezi 12 tu ikiwa anayedaiwa ni serikali. Mchele unaoletwa pamoja na wino si rambirambi, ni bei ya kimya. Muoneni wakili kabla ya kutia kidole, na hesabuni muda tangu siku ya ajali, si tangu arobaini.