Mashine Isilazwe na Chumvi Tumboni



Kila mwaka masika yanapoanza kumwaga na kusi kushika nguvu, boti nyingi za visiwa vyetu hupandishwa pwani. Hilo si aibu wala si uvivu. Upande wa mashariki, kuanzia Makunduchi hadi Matemwe, bahari ya Juni na Julai haina mzaha na chombo kidogo. Na hakuna kati yetu aliyesahau kwamba meli ya Skagit, kubwa kuliko boti zetu zote, ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai, 2012. Mwenye kuipandisha boti yake amefanya la busara. Lawama yetu ni juu ya lile linalofuata, nalo ni kuigeuzia mgongo.

Twasema hivi kwa kuwa tumeyaona. Boti hupokewa kwa ngoma na hotuba, picha zikapigwa, mkopo ukaandikwa. Kitabu cha mashine kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma mvuvi; fundi yuko mjini; vipuri ndiyo kwanza vinaagizwa. Kusi likitulia mwezi wa Oktoba, mashine huvutwa kamba mara arobaini na isitoe hata kikohozi. Mkopo nao haujui msimu. Hapo ndipo isemwapo kwamba wavuvi hawajui kutunza mali! Sisi twauliza: ni nani aliyekabidhi mali bila ya kukabidhi elimu yake? Na kwa kuwa twajua jawabu litachelewa, tumeona ni wajibu wetu kuiandika elimu hiyo hapa.

Chombo chenyewe hakina mengi. Wazee wetu walipandisha majahazi kwa maji ya bamvua, wakayakwangua, wakatia kalafati kwenye mianya, wakapaka deheni ya chokaa na shahamu. Boti ya mbao hadi leo yataka hayo hayo. Ya faiba yataka kuoshwa na kutazamwa nyufa. Nguruzi ing'olewe, na omo iinuliwe ili maji ya mvua yajitokee. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Boti iliyojaa mvua, nayo imelala juu ya magogo mawili tu, mkuku wake hauna salama.

Ama mashine, hapo ndipo penye msiba. Adui wa kwanza ni chumvi. Kabla ya kulazwa haina budi iendeshwe ndani ya pipa la maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, kwa dakika 10 hivi, nayo maji yapite juu ya matundu inayovutia. Asiwepo mtu wa kuiwasha kavu "kuisikiliza tu". Ndani mna gurudumu dogo la mpira lipandishalo maji ya kupooza, nalo huungua upesi mno likizunguka bila ya maji. Mashine ikiwa bado inakwenda, mpira wa petroli uchomolewe, iachwe inywe kilichobaki mpaka izime yenyewe. Petroli ikikaa miezi kwenye kabureta huganda kama ulimbo na kuziba vitundu vyembamba kuliko sindano.

Ikishapoa, plagi zitolewe, kila silinda itiwe oili kidogo, mashine izungushwe polepole kwa mkono ili oili ienee, kisha plagi zirudishwe. Na zile za kisasa zenye oili yake mbali na petroli, oili hiyo ibadilishwe kabla ya kulazwa. Oili iliyokwisha tumika ina unyevu na asidi, na haistahili kukaa tumboni mwa chuma muda wote wa kusi.

Linalosahauliwa kuliko yote ni oili ya gia, kule chini karibu na panga. Ifunguliwe na itazamwe. Ikitoka nyeupe kama tui, maji yameingia, na mpira wa kuzuia maji hauna budi kubadilishwa. Mara nyingi mkosa ni kipande cha mshipi kilichojisokota nyuma ya panga; basi panga nalo livuliwe, patazamwe, patiwe grisi. Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini mpaka itokeze tundu la juu. Mwenye kusema "nitabadilisha Oktoba" ataikuta kutu imemtangulia.

Mashine isimamishwe wima, ifunikwe kwa turubai lenye kupitisha hewa; nailoni hufungia jasho ndani. Betri itolewe na ichajiwe kila mwezi. Petroli iliyobaki isiwekwe nyumbani wanamolala watoto. Tumeona dumu chini ya kitanda, na hatusemi ni wapi.

Watakuwapo wa kusema kwamba haya ni gharama. Naam, oili na grisi hununuliwa. Lakini mashine iwakayo kwa kubembelezwa pwani ndiyo hiyo izimayo katikati ya mkondo wa Pemba ikiwa na watu, na maji ya pwani hii huvuta kuelekea kaskazini. Chombo kisicho na mashine wala tanga huenda kinakopelekwa.

Shauri letu kwa matawi ya pwani ni hili. Bamvua la kwanza baada ya mvua kuanza, kila tawi liweke pipa moja, spana za kutosha, na kijana mmoja aliyekwisha kuoneshwa kazi hii na fundi wa kweli. Kisha kiwekwe daftari: boti ya nani, siku gani imepandishwa, oili ya gia imetoka ya rangi gani, nani ameshuhudia. Watakapokuja tena kutuambia kwamba wavuvi hawajui kutunza mali, daftari hilo liwe juu ya meza.