Kiwele Kikiugua Tena, Usikimbilie Kulaumu Dawa

Kuna lalamiko ninaloletewa kila mara: "Afisa, ng'ombe nilimtibu kiwele, akapona, sasa maziwa yana mabonge tena. Dawa feki hii!" Dawa feki zipo, sibishi. Lakini mara nyingi dawa haina kosa, na wewe unaendelea kumwaga pesa.

Bakteria wa kiwele, hasa Staphylococcus aureus, hawaishi wote kwa namna moja. Wengi wanakula na kuzaliana, wachache wanalala. Penisilini humuua bakteria anapojenga ukuta wake. Aliyelala hajengi kitu, kwa hiyo dawa inampita tu. Mwaka 1944 Joseph Bigger aliwatia bakteria wa jamii hii kwenye penisilini, na takribani mmoja katika milioni akabaki hai. Watoto wa waliobaki walipopewa penisilini tena, wakafa kama kawaida. Yaani hawakuwa sugu, walikuwa wamelala.

Kulala nako kuna gharama: aliyelala hazaliani, na siku zisizo na dawa wenzake wanamwacha mbali. Ndiyo maana hawalali wote. Ni kama mkulima anayebakiza debe moja la mbegu ghalani. Mvua ikiwa nzuri, debe limekaa bure. Shamba likiungua kwa jua, ndilo linalomwinua.

Sasa msimamo wangu. Kuongeza dozi kienyeji ni hasara tupu: aliyelala haamshwi na dozi mbili, na mabaki ya dawa yanaingia kwenye maziwa unayouza. Kukatisha dozi ni kubaya zaidi, maana unawaacha hata walio macho, na ukirudia rudia hivyo unafuga usugu wa kweli. Maliza dozi uliyoandikiwa, ili wachache watakaobaki wakabiliane na kinga ya ng'ombe mwenyewe. Na siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa ziheshimu.

Chuchu ileile ikiugua mara ya tatu, acha kubahatisha. Peleka maziwa maabara, kisha muulize daktari wa mifugo kama inafaa kumtibu wakati wa kumkausha. Ikishindikana, muondoe kundini. Najua utasema, "Huyu ndiye anayenipa lita nyingi." Sawa, lakini piga hesabu yote: dawa, maziwa unayomwaga, na wenzake anaowaambukiza kupitia mikono na kitambaa cha kukamulia.

Kwa maoni yangu, pesa ya chupa ya tatu ya dawa ingefanya kazi zaidi kwenye usafi. Kila ng'ombe na kitambaa chake, chuchu zichovywe kwenye dawa ya kuua vijidudu baada ya kukamua, na mgonjwa akamuliwe wa mwisho. Bakteria ambaye hakuingia kiweleni hana nafasi ya kulala humo.