Timu Isiuzwe kwa Kangomba

Tajiri mwenye klabu kubwa ya mpira wa miguu akija kutaka kuinunua na klabu ndogo ya jirani, iwe ya mpira uleule au ya mchezo mwingine, wenyeji wamuuzie? Toleo hili limejengwa juu ya swali hilo, na jibu langu nalitoa mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Fedha zake tuzipokee. Hisa tumpe. Lakini jina la timu, uwanja, na uamuzi wa timu kuhama au kubaki, hivyo vitatu visiuzwe kwa bei yoyote.

Huku Chiola, kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa, hili si jambo la kusikia redioni tu. Tumeishuhudia Namungo. Timu iliyobeba jina la eneo la wachimbaji wadogo wa madini wilayani Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikamaliza ya nne mwaka wake wa kwanza, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kufungwa 2-1 na Simba kule Sumbawanga, Agosti 2020. Msimu uliofuata ikaingia Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikwenda Angola kucheza na 1º de Agosto, ikakwama huko kwa sababu ya vipimo vya korona, mechi zote mbili zikaamriwa zichezwe Dar es Salaam, na Namungo ikapita kwa jumla ya mabao 7-5 hadi hatua ya makundi, pamoja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Mtoto wa Mandawa au Nambambo aliyezoea kusikia kwamba mpira ni wa Kariakoo aliona jina la kwao limeandikwa pamoja na Casablanca. Jambo hilo lina thamani ambayo hakuna mhasibu anayeweza kuiweka kwenye karatasi.

Lakini tuseme ukweli wote. Namungo ilikuwa na nguvu nyuma yake: wadhamini, na jina la aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, Kassim Majaliwa, ambaye uwanja wa timu umepewa jina lake. Novemba 2025 alimaliza miaka kumi ya uwaziri mkuu, na ubunge hakuugombea tena. Kila timu iliyosimama kwa bega la mtu mmoja, hata bega jema kiasi gani, hufika siku ya kuulizwa inasimama kwa miguu ya nani. Mwenye timu halisi hujulikana siku hiyo.

Watu wengi hawaelewi tajiri hununua nini hasa anaponunua timu ndogo. Wachezaji si wake, mikataba yao huisha. Jezi ni kitambaa. Anachonunua ni nafasi. Kutoka ligi ya wilaya hadi ya mkoa, kisha ligi ya mabingwa wa mikoa, kisha madaraja ya kati mpaka Championship na Ligi Kuu, ni safari ya miaka, ya kwenda na kurudi na Fuso usiku, ya kushindwa kwa penalti na kuanza upya. Timu ya mji mdogo inapopanda ngazi hizo, jasho lote la miaka hiyo linabaki ndani ya kitu kimoja: haki ya kucheza ligi fulani msimu ujao. Mwenye fedha hana muda wa kupanda. Anakuta waliopanda wamechoka na wana madeni, anawalipa, kisha anaibeba ile nafasi mpaka mji anaoutaka yeye.

Ihefu ndiyo mfano ulio karibu zaidi. Timu ya Ubaruku, Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022 iliwafunga Yanga 2-1 pale Highland Estate na kukata mfululizo wao wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ilitafuta Ubaruku iko wapi. Mwaka 2024 timu hiyo ilikuwa imekwishahamia Singida, na jina lake likawa Singida Black Stars. Wakati huohuo, timu iliyokuwa Singida, Fountain Gate, ikahamia Babati. Sheria za ligi zilifuatwa, sina shaka, na Singida wana haki ya kupenda mpira kama watu wengine. Lakini Ubaruku wamebaki na nini? Uwanja upo, magoli yapo, na kumbukumbu ya jioni moja ya Novemba. Kabla yao Mbagala nao waliona yao: Mbagala Market ilinunuliwa na Mohammed Dewji ikawa African Lyon, baadaye ikauzwa tena, na mwisho ikapotelea madaraja ya chini. Nani leo Mbagala anasema ile ni timu yake?

Wanaodhani mambo haya ni ya Afrika maskini tu watazame kaskazini mwa Uingereza. Sir John Hall, aliyekuwa mwenye Newcastle United, alitaka mji wake uwe na klabu ya michezo yote kwa mfano wa Barcelona. Mwaka 1995 akainunua klabu ya raga ya Newcastle Gosforth, iliyokuwepo tangu 1877. Akamwaga fedha, akamchukua Rob Andrew kutoka Wasps, na msimu wa 1997/98 timu hiyo, ikiwa sasa inaitwa Newcastle Falcons, ikatwaa ubingwa wa Uingereza. Mashabiki walifurahi, na walistahili. Ndani ya mwaka mmoja hivi, Hall alikuwa ameiuza. Ndoto ya klabu ya michezo yote ikaishia hapo. Wenye raga yao angalau walibaki na timu mjini kwao. Watu wa Durham hawakubahatika hivyo: timu yao ya hoki ya barafu, Durham Wasps, nayo ilinunuliwa na Hall, ikapelekwa kwanza Sunderland, kisha Newcastle, ikabadilishwa jina. London nako, Chris Wright aliziweka QPR na klabu ya raga ya Wasps chini ya kampuni moja mwaka 1996. Mwaka 2001 QPR ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na Wasps walianza kuhama makao hadi wakaishia Coventry mwaka 2014. Mwaka 2022 nao wakafilisika.

Nimezitaja za raga kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo mpira ukinunua mpira hufichika. Mwenye klabu ya mpira wa miguu anaponunua mchezo mdogo, ule mdogo ndio wa kwanza kukatwa fedha zikipungua. Haihitaji roho mbaya. Klabu kubwa ina mashabiki wa kupiga kelele, ina mechi ya Jumamosi, ina kocha wa kulipwa fidia. Ndogo ina wazee wachache na sauti ndogo. Kwetu mchezo huo mdogo ni netiboli. Kila kijiji kinachojua kupanga timu ya wavulana kina wasichana wanaocheza netiboli kwa viatu vya kuazimana, na akitokea tajiri wa mpira akasema atazichukua timu zote mbili, ya wavulana na ya wasichana, mkutano utashangilia. Mimi ningeuliza kwanza: fungu la wasichana limeandikwa wapi, na mwaka wa hasara linalindwa na nini?

Najua hoja ya upande wa pili, na siidharau, kwa sababu nimekaa na wanaoitoa. Njoo jioni baada ya mechi, ukae na kamati ya timu ya kijiji chini ya mkorosho. Daftari limefunguliwa magotini mwa katibu. Nauli ya gari haijatimia, dereva amesimama pembeni anasikiliza. Posho ya mwamuzi imetoka mfukoni mwa mwenyekiti. Mpira umeshonwa mara mbili na sasa una kidonda kipya. Mshambuliaji amepata timu Masasi wanaompa elfu ishirini kwa mechi, na hakuna anayeweza kumlaumu. Katika hali hiyo kumwambia mtu asiuze ni sawa na kumwambia mwenye njaa asile. Tena historia ipo upande wao: Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, Reli ya Morogoro, zote zilikuwa timu za mashirika na vyama, zilitamba, na leo vijana wanazisikia kwa wazee. Kumilikiwa na wengi hakukuziokoa.

Kwa hiyo sisemi tajiri afukuzwe. Ninachosema ni kwamba wakati wa kuuza na namna ya kuuza ndivyo vinavyotuponza, na watu wa huku hatuhitaji kufundishwa hilo na mtu wa mbali, kwa sababu tunalijua kwa jina la kangomba. Mikorosho bado inapuliziwa salfa, nyumbani kuna mgonjwa au ada ya shule, na anatokea mtu mwenye fedha taslimu. Ananunua korosho ambazo bado ni maua. Ukifika Oktoba, wenzako wanapeleka zao kwenye chama cha msingi, AMCOS, zinaingia ghalani, mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI unapanga bei mbele ya watu wote, na wewe unasimama pembeni ukiangalia mavuno yako yakiuzwa na mwingine. Timu ya kijiji inayouzwa na viongozi watatu, usiku, kwa sababu ya deni la nauli, imeuzwa kwa kangomba. Bei haikupangwa na mnada wowote, wanachama hawakuitwa, na mavuno yatavunwa mji mwingine.

Nchi hii imekwishapata njia iliyo bora kidogo, ingawa haijakamilika. Simba walipobadilisha mfumo, Dewji alitaka kwanza asilimia 51 kwa shilingi bilioni 20. Serikali ikaweka ukomo: katika klabu ya wanachama, mwekezaji asizidi asilimia 49. Desemba 2017 wanachama wakakubali kwa sharti hilo. Yaliyofuata yalikuwa na malumbano mengi juu ya fedha kuwekwa lini na wapi, na sitaki kuyafukua hapa. Nataka tu tuone kwamba klabu yenye mamilioni ya mashabiki ilihitaji ulinzi wa kanuni ili isiondoke mikononi mwa wenyewe. Timu ya kijiji, ambayo wanachama wake hawana hata kadi, ina ulinzi gani?

Na ipo tofauti ya tajiri na tajiri. Kule Kakamega, klabu ya raga ya Kabras imebeba jina na fedha za kiwanda cha sukari cha West Kenya, na mwaka 2016 ilitwaa Kenya Cup, kombe ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la klabu za Nairobi na Nakuru. Mwenye kiwanda hawezi kuhamisha mashamba ya miwa. Wakulima wake ndio mashabiki wake. Akiiudhi timu, amewaudhi wanaomletea muwa. Huo ni usalama mkubwa kuliko saini. Migodi haiko hivyo. Mwadui ya Shinyanga iliishi kwa almasi, na mwaka 2021 ikashuka daraja. Sisi tunaozungukwa na habari za madini ya kinywe Ruangwa na nikeli ya Ntaka Hill tulikumbuke hilo, maana karibuni watakuja wenye kofia ngumu na fulana za kugawa. Mgodi una umri wake uliokwishapigiwa hesabu kabla jiwe la kwanza halijatolewa. Ni halali kabisa kuwauliza: umri wa udhamini ni upi, na mgodi ukifungwa timu inarithi nini?

Huku kwetu tuna silaha moja ambayo Durham hawakuwa nayo. Viwanja vingi vya vijiji ni ardhi ya kijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji huisimamia kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu una kauli. Katiba ya timu inaweza kushikizwa kwenye ardhi hiyo. Kabla ya msimu huu wa korosho, wakati hakuna anayetudai na hakuna tajiri mlangoni, kamati ziketi na serikali za vijiji ziandike mambo machache: kwamba timu imesajiliwa kwa Msajili wa vyama vya michezo kwa jina lake na makao yake, kwamba kuuza zaidi ya asilimia 49 ya hisa au kuhamisha makao ni jambo la mkutano wa wanachama uliotangazwa siku nyingi kabla, na si la saini tatu, kwamba jina la kijiji halitolewi kwenye jezi, na kwamba anayechukua timu ya wavulana anachukua na mzigo wa netiboli kwa fungu lililoandikwa, mwaka kwa mwaka.

Kurasa zinazofuata zina mfano wa katiba hiyo, umeandikwa kwa lugha ya kusomwa mkutanoni kwa sauti. Tumeacha nafasi wazi mahali pa jina la timu, tarehe ya mkutano na idadi ya waliohudhuria. Ikate, uipeleke kwa katibu wako, na mkishapitisha, tuleteeni nakala tuichapishe.